Bei ya Kuusoma Mti wa Bibi Somoe

Ninyi mnaosimamisha bodaboda hapa kila asubuhi kununua vitumbua mnaniita Mama Tekla, na nadhani wengi wenu mnaamini nilizaliwa na kikaango hiki mkononi. Sivyo. Nilikuwa mkutubi. Nilitunza maktaba ya kituo kidogo cha utafiti wa kilimo, huko upande wa Lisekese, tangu nikiwa msichana wa kusuka twende kilioni mpaka nikaondoka na mvi. Kituo chenyewe hakipo tena, msihangaike kukitafuta.

Juzi Riziki, binti wa jirani yangu anayesoma chuo kikuu, alikuja likizo akakaa hapa kwenye benchi, uso umemvimba kwa hasira. Kuna makala ya kisayansi anaihitaji kwa kazi yake ya chuo. Ameiona kwenye simu, na aliyeiandika ni mwalimu wake mwenyewe. Akibonyeza aisome, anaambiwa alipe kwanza, tena kwa dola.

"Bibi, mwalimu kaandika, mshahara kalipwa na serikali, utafiti kaufanyia hapa hapa nchini," akasema. "Sasa hao wanaodai hela ni akina nani?"

Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na shubiri. Swali hilo nililiuliza kabla mama yake hajaolewa, na kuna mwanamke kule Newala aliyelipia jibu lake kwa mikorosho. Niliyomsimulia Riziki ndiyo ninayowasimulia ninyi. Mwenye haraka achukue vitumbua vyake aende.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Ditrick, mzee mfupi, mkali, aliyejifunza kujalidi vitabu kwenye karakana za wamisionari kule Ndanda. Siku ya kwanza hakunionyesha kitabu hata kimoja. Alinipa tochi, akaniinamisha chini ya rafu nitafute njia za mchwa.

"Ukutubi unaanzia sakafuni," alisema. "Msomi anakula kitabu kwa macho, mchwa anakula kwa meno, na mchwa halali."

Alinifundisha kuacha upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta. Alinifundisha kuanika vitabu kivulini baada ya masika, si juani, maana jua hukausha gundi ikapasuka. Gundi yenyewe tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, tukaitia mrututu ili mende wasiionje. Msimu mmoja yeye mwenyewe alisahau mrututu, na kwa miezi kadhaa mende wa kituo chetu wakawa ndio wasomi wakubwa wa kilimo cha kusini. Hakupenda kukumbushwa.

Kitu alichokiheshimu kuliko vyote ni majarida. Simaanishi magazeti ya udaku. Nasema majarida ya kitaaluma, yale ambamo mtafiti huandika alichokigundua ili watafiti wengine wakijue. Yalikuja kwa meli kutoka Ulaya yamefungwa kwa karatasi ya kaki, na siku yakifika Bwana Ditrick alivaa koti. Mtu angedhani anapokea maiti ya kiongozi.

Enzi hizo serikali ndiyo iliyolipa, na sisi bei hatukuijua. Kisha ikaja ruksa, likaja soko huria. Mnayoyaona leo ya kila mtu na duka lake yalianza hapo. Shilingi iliporomoka, na majarida, badala ya kutuonea huruma, yakawa yanapanda kila mwaka. Makao makuu wakatuandikia: punguzeni. Tukapunguza. Mwaka uliofuata: punguzeni tena. Ilipofika zamu ya kuchagua jarida moja tu la kubaki, Bwana Ditrick alikataa kuchagua.

"Unamwambia mama achague mtoto wa kumnyonyesha?" aliwaka. Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Unga ukipanda kwenye duka la Hamisi, unakwenda kwa Saidi. Lakini makala moja iko duka moja tu dunia nzima. Huwezi kusema basi nitasoma ya jirani, kwa sababu ya jirani inazungumzia kitu kingine. Mwenye duka analijua hilo. Kwa nini apunguze?"

Sijasikia mchumi aliyelieleza vizuri zaidi. Muda si mrefu likaja agizo la kupunguza wafanyakazi, na yeye akawa wa kwanza. Alichukua sindano yake ya kujalidi, akanipa mkono, akaondoka bila kugeuka.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kabla hajaondoka, maana hapo ndipo anapoingia Bibi Somoe.

Bibi Somoe alikuwa mjane wa Kimakonde, mkulima wa korosho na mihogo katika kijiji kimoja njia ya Kitangari, kule juu Newala. Siku hizo palikuja mtafiti kutoka Ulaya, mtu mrefu mwenye kofia ya ukili aliyoinunua sokoni Masasi. Watu walimwita Bwana Majani kwa sababu kila alipokwenda alichuma majani akayabana katikati ya magazeti. Mimi ni Mmakua, lakini Chimakonde nakisikia na Kiingereza nilikuwa nacho, kwa hiyo nilipandishwa kwenye Landrova niwe mkalimani.

Shambani kwa Bibi Somoe palikuwa na mikorosho michache iliyoanza kunyauka. Jani linakuwa manjano, tawi linakauka, na hatimaye mti mzima unasimama kama fagio. Katikati ya ile iliyokufa palikuwa na mkorosho mmoja mkubwa, nyuma ya jiko, uliokuwa kijani kibichi. Bwana Majani aliuzunguka ule mti kama mtu aliyeona mchumba. Akachukua majani, magome, udongo wa kwenye mizizi. Akaufunga kipande cha bati chenye namba.

Lakini kilichomkera Bibi Somoe ni maji. Ninyi wa bondeni hamjui. Kule juu maji hayapo, wanawake huyafuata chini ya miteremko na kupanda nayo kichwani. Na huyu bwana, kila akichimba chini ya mti mmoja, kabla hajaenda mwingine anaomba maji aoshe jembe.

"Muulize," Bibi Somoe aliniambia, "kwao majembe hubatizwa mara ngapi?"

Sikuitafsiri hiyo. Bwana Majani alicheka alipotuona tunacheka, akashukuru, akasema ataandika. Akaenda zake.

Akaandika kweli. Mimi nililijua hilo miaka kadhaa baadaye, wakati ule mnyauko ulipoanza kusambaa. Kufikia hapo maktaba yangu ilikuwa kama nyumba yenye msiba. Majarida yamekoma. Wafadhili walituletea shehena ya msaada, tukafungua maboksi kwa shangwe, tukakuta ni majarida chakavu kuhusu magonjwa ya kwato za ng'ombe wa nchi za barafu. Kilichokuwa bado kinakuja ni vitabu vya muhtasari tu, yaani orodha ya makala zote zilizoandikwa duniani, kila moja na maelezo mafupi. Makala yenyewe unaagiza na kulipia.

Mkuu wa kitengo cha magonjwa ya mimea alikuwa kijana, Dakta Mchopa, mtoto wa mkulima wa hapa hapa wilayani. Alikuwa anaingia maktaba kila siku na buti zake za vumbi.

"Shikamoo Mama Tekla. Kuna chochote?"

"Marahaba. Hakuna."

Mpaka siku niliyomwambia kipo. Nilikuwa nimeikuta kwenye muhtasari: mnyauko wa mikorosho, uwanda wa Makonde, Newala, na jina la Bwana Majani. Maelezo yalisema mti mmoja umeonekana kuustahimili ugonjwa, na kwamba njia ya kuzuia usienee imeelezwa ndani. Mti upi? Njia ipi? Hapo mlango ukafungwa. Ni kunusishwa pilau la jirani ukaambiwa shiba.

Dakta Mchopa alirukaruka kama mtoto. "Agiza! Agiza leo!"

Niliagiza. Wachapishaji walinijibu kwa adabu sana, na bei. Makala moja ililingana na mshahara niliopokea kwa mwezi. Jarida zima kwa mwaka lilizidi bei ya pikipiki mpya. Makao makuu walisema fungu la majarida limefutwa, tutumie vyanzo vilivyopo. Dakta akasema atalipa mwenyewe kutoka mfukoni. Benki ya hapa wakasema hati ya malipo ya fedha za kigeni haipatikani, aende Mtwara. Mtwara wakamwambia aende Dar es Salaam, tena na kibali. Nikamwandikia Bwana Majani mwenyewe, maana Bwana Ditrick alinifundisha kwamba ukishindwa na duka, nenda kwa mkulima. Barua haikujibiwa. Baadaye sana tulisikia alikuwa amehama chuo.

Mikorosho haikutusubiri. Kila wiki wakulima walikuja kituoni na matawi makavu begani, kama watu wanaoleta wagonjwa hospitali. Wilaya ikataka jibu. Dakta Mchopa alitoa rafuni kijitabu cha zamani, cha ugonjwa mwingine wa miti mingine, akakisoma mpaka kurasa zikachomoka.

"Mama Tekla," aliniambia, "ninatibu kwa kubahatisha. Lakini nikikaa kimya wataniuliza nimesomea nini."

Akashauri ikatwe: mti wenye ugonjwa na yote inayouzunguka, mizizi ichimbuliwe, visiki vichomwe. Vibarua wakakodiwa. Wakazunguka shamba hadi shamba, kijiji hadi kijiji, na mashoka na majembe yale yale.

Mimi sikuwapo walipofika kwa Bibi Somoe, nilisimuliwa. Alisimama mbele ya mkorosho wa nyuma ya jiko, mikono ameitanua.

"Huu haujaugua! Huu una bati la Mzungu!"

Mtendaji wa kijiji akamjibu, "Bati si dawa, bibi. Pisha."

Wakaukata. Mkaa wake ulitosha mtaa mzima.

Makala ililetwa na sista mmoja muuguzi wa Ndanda. Alikuwa anakwenda likizo kwao Ulaya, nikamwomba, sikuwa na matumaini. Alirudi nayo ndani ya mfuko wa peremende. Alikuwa ameingia tu kwenye maktaba ya chuo cha mji wao, akalitoa jarida rafuni, akalipiga nakala kwenye mashine kwa sarafu za chenji. "Haikuchukua hata muda wa kunywa chai," alisema. Alidhani ananifurahisha.

Dakta Mchopa aliisoma amesimama. Alipofika kurasa za mwisho aliketi sakafuni, mgongo kwenye rafu.

"Tuliyaosha?" aliuliza.

"Nini?"

"Majembe."

Makala ilisema ugonjwa unakaa kwenye udongo, unahama na udongo unaoganda kwenye majembe. Ilisema msichimbe mizizi, mtautawanya. Osheni zana, chimbeni mfereji kuzunguka mti mgonjwa, kaeni mbali nao. Na ikataja ule mti wenye namba: utunzwe, vikatwe vikonyo vyake, yaani vitawi vichanga, vibebeshwe kwenye miche michanga, huenda uwanda wote ukapata mbegu isiyonyauka.

Kuna watu wangeichoma ile nakala wakanyamaza. Yeye aliomba gari la kituo siku iyo hiyo, akanichukua, tukapanda Newala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu," alisema Bibi Somoe. "Mmekuja na shoka tena?"

Dakta alimweleza yote, hakuficha neno. Nilitamani apige kelele. Hakupiga. Alikuwa anamenya mihogo, akaendelea kumenya.

"Kwa hiyo Bwana Majani alijua."

"Alijua, bibi."

"Hakusema."

"Aliandika."

"Sikuuliza kama aliandika."

Nikaingilia, nikamwambia ile habari ilichapishwa kwenye jarida, na jarida linauzwa ghali, tulishindwa kulinunua.

"Habari za mti wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi nilimuuzia?"

"Hapana."

"Nilimpa bure. Na maji nikampa." Aliweka kisu chini. "Basi amekula hela nyingi."

"Yeye hakulipwa," nikasema. "Anayeandika halipwi."

"Nani amekula?"

"Kabla ya kuchapwa, hupelekewa wasomi wengine wakague kama ni kweli."

"Hao, basi."

"Nao hawalipwi, bibi. Anakula mwenye kuchapa na kuuza."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetambua sura ya ndugu yake katika umati.

"Anayelima hali. Anayepalilia hali. Mwenye ghala ndiye anayekula. Mbona hiyo naijua? Hiyo ni korosho. Kiwanda cha kubangua wamekifunga, zetu zinakwenda ghafi kwa watu, zinarudi kwenye vipakiti hatuwezi kununua. Kumbe na maneno nayo hupelekwa kubanguliwa."

Kisha akauliza, "Jina langu limo?"

Dakta Mchopa alipekua, ingawa alikuwa anajua. "Wameandika: shamba la mkulima mdogo, Wilaya ya Newala."

"Mdogo," alisema Bibi Somoe. Akaokota kisu chake. "Mikorosho yangu aliihesabu mwenyewe mmoja mmoja. Mdogo."

Tukarudi Masasi. Dakta alitangaza njia mpya, mifereji ikachimbwa, na yako mashamba yaliyopona, sitaki mseme sikusema. Lakini ya kwake Bibi Somoe yalikuwa yamekwisha, na ya majirani zake pia. Na wakulima wakamwuliza Dakta jambo lenye haki: juzi ulisema chimba, leo unasema usichimbe, kesho? Hakukaa sana. Aliacha kazi, akafungua duka la pembejeo karibu na stendi, akawa anauza salfa na bomba za kunyunyizia. Akiniona alikuwa anaingia stoo.

Na maktaba ikafungwa, chumba kikakodishwa kwa mfanyabiashara wa korosho aweke magunia. Vitabu walivipima kwenye mizani wakaviuza kwa kilo. Siku moja nimenunua karanga sokoni, nikafungua ile karatasi, nikakuta mshono wa Bwana Ditrick ukingoni. Nilimwomba muuzaji anionyeshe zilizobaki. Akasema, "Mama, ukitaka karatasi nunua karanga."

Ninyi mnaosoma, na Riziki akiwamo, sikilizeni ninayoyajua. Ukikuta mlango wa makala umefungwa, mwandikie mwandishi. Wengi wao hutuma kwa furaha, hata wao hawapendi mtindo huo. Asipojibu, mwandikie mwenzake aliyeandika naye, majina yapo chini ya kichwa. Tazama kama chuo chake kimeweka nakala ya wazi, siku hizi vingine huweka. Na ukija kuandika wewe, kabla ya kutia saini ya kuwapa wachapishaji haki zote, soma unachosaini. Siku hizi kuna majarida yanayoruhusu kila mtu asome bure, ila nasikia anayelipishwa ni mwandishi, na bei yake mtafiti wa kwetu hata akiuza baiskeli haifiki. Wamehamisha mlango tu, kufuli ni ile ile. Kwa hiyo andika pia ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandike ofisi ya kijiji ulikochukulia udongo. Usiende kwa mtu ukanywa maji yake ukaondoka na kauli yake.

Imebaki moja, kisha niwaache mwende kazini.

Nilikuwa nimeshastaafu alipokuja kijana mmoja wa Kizungu kunitafuta hapa Masasi. Alikuwa mwanafunzi wa Bwana Majani. Alikuwa na ile makala, si nakala, jarida lenyewe, linang'aa, nami ndiyo mara ya kwanza nililigusa. Alikuwa anautafuta mti wenye namba ili achukue vikonyo. Nikampeleka.

Bibi Somoe alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, lakini sauti ilikuwa ile ile. Kijana akamwonyesha namba kwenye ukurasa, akauliza mti uko wapi.

"Mwambie tuliupikia," alisema.

Nikatafsiri. Kijana akauliza kama kulibaki tawi, mche, mbegu, chochote.

"Mwambie na visiki tulipikia."

Alisimama pale nyuma ya jiko, palipoota muhogo, akapiga picha ardhi. Alikuwa na adabu, sikatai. Alimpa Bibi Somoe mkono, akamwahidi kwamba ataandika, na safari hii atatutumia.

Bibi Somoe alizikwa msimu wa korosho uliofuata. Mimi nilikwenda kwenye duka la intaneti pale stendi, nikamwomba mwenye duka anitafutie jina la yule kijana. Makala yake ilikuwapo, imechapishwa, jarida lile lile. Muhtasari wake ulikuwa na sentensi moja inayotuhusu: wenyeji waliukata mti huo bila kutambua thamani yake. Nilitaka kujua kama mbele ameeleza kwa nini hatukujua. Nikabonyeza. Kurasa za mbele zilikuwa zimefungwa.